Maswali Yenu: Zambia hawakuwa na reli kabla ya TAZARA?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nauza ndizi za kuchoma karibu na stesheni ya TAZARA hapa Mbeya, wateja wangu wengi wanatoka Zambia, hivi zamani hawakuwa na reli yao?

JIBU: Marahaba. Mbona walikuwa nayo, tena ya kitambo, ila ilitokea kusini, ikavuka daraja la Victoria Falls 1905 ikapanda hadi kwenye migodi ya shaba. Sasa Ian Smith, kiongozi wa walowezi wazungu, alivyojitangazia uhuru wake Rhodesia (Zimbabwe ya leo) 1965, Rais Kaunda wa Zambia akabanwa, bahari hana, njia ya shaba iko kwa mbaya wake, ndo China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi wa TAZARA ukaanza 1970, kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia. Upana kati ya chuma na chuma wakaweka milimita 1,067 kama wa Zambia, wakati Reli ya Kati ni 1,000, ndo maana behewa la Kigoma hulioni hapo kwako.