Maswali ya wasomaji: Pareto yetu inapotezea wapi sumu?

SWALI: Kikundi chetu kipo Umalila, Mbeya Vijijini. Msimu huu pareto yetu ilipopimwa, sumu yake ya kuua wadudu ikawa chini kuliko ya kijiji jirani na bei ikashuka, ingawa miche tulitoa kitalu kimoja. Kosa liko wapi? Na je, tunaweza kukamua dawa ya mbu wenyewe badala ya kuuza maua?

JIBU: Miche ikiwa ile ile, tazameni uchumaji na ukaushaji. Sumu ya pareto, yaani pairethrini, karibu yote imo kwenye vijimbegu vya kitovu cha njano. Petali na kikonyo huongeza uzito tu. Shikeni ua mlichunguze: vijiua vya njano hufunguka mzunguko kwa mzunguko, kuanzia pembeni. Mizunguko 3 au 4 ikifunguka, chumeni, bila kikonyo. Likiwa changa halijajaza. Likinyauka, sumu inapungua. Rudieni kila wiki 2 hadi 3, umande ukishakauka.

Ila tunachoshuku zaidi ni ukaushaji, maana huko kwenu ukungu hushuka mchana kweupe. Maua mabichi yakilala guniani usiku mmoja tu hupata joto, huvunda na kugeuka kahawia. Hapo sumu imeondoka na hairudi. Yaanikwe siku ile ile juu ya kichanja chenye wavu, yasilaliane, yageuzwe mara kwa mara. Kama mna kaushio la moto, joto lisizidi nyuzi 50.

Pimeni kwa mizani. Ua bichi lina maji kama asilimia 80, nalo linatakiwa kubaki na 10. Basi kilo 100 mbichi zitoe takriban 22 kavu. Mkipata 28, maji bado ni kama asilimia 29, na kuvu itaota ghalani.

Kukamua, hapana. Kiwandani sumu hutolewa kwa heksani, kimiminika ambacho mvuke wake hulipuka kwa cheche moja. Halafu hakuna kiuatilifu kinachoruhusiwa sokoni kabla ya kusajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Hata kusaga msisage: unga ukipigwa na mwanga na hewa hupoteza sumu upesi kuliko ua zima.

Fedha yenu iwekeni kwenye kaushio la pamoja lenye paa. Kila mwanachama apewe gunia lenye alama yake na tarehe ya kuchuma, na mnunuzi aandike kipimo cha sumu kwa kila alama. Mkipewa wastani wa kikundi pekee, hamtajua ni kichanja cha nani kinachowashushia bei.