Kabla hujapanda juu ya paa la asbesto, kwa wanaoanza kazi za ukarabati na ubomoaji Dar

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hizi, iwe umetoka chuo juzi au umekuja saiti kutafuta deiwaka, usalama wa asbesto, yale madini ya kwenye paa za zamani ambayo vumbi lake linaleta saratani, unaamuliwa kwenye BOQ, yaani ile orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake. Ikifika siku ya kupanda juu mambo yameshaisha. Utakuta mstari mmoja tu umeandikwa bomoa paa lililopo na ondoa saiti, bei moja, basi. Sasa hapo hela ya ovaroli za kutupa iko wapi, ya barakoa za maana, ya nailoni nene, ya gari lenye kibali na ya kumwaga mzigo panapotakiwa? Hamna. Kontrakta aliyeshinda kwa bei ya chini atafanya nini, atachukua vijana na nyundo, saa nane mchana paa liko chini vipande vipande na vumbi limeshaingia kwa majirani. Kwa hiyo ukipewa jengo la zamani kulipigia hesabu, zile kota za serikali, magodauni, madarasa ya zamani, majengo ya kuanzia miaka ya 50 mpaka 80 hivi, weka asbesto kifungu chake peke yake na bei yake. Klayenti akilalamika kwamba umezidi wenzako muoneshe kila kitu kinaenda wapi. Wengine wataelewa. Asiyeelewa mwache aende, mimi nasema hivyo na najua njaa ya kazi ilivyo.

Asbesto ni madini ya asili yenye nyuzi nyembamba sana, yalichanganywa na saruji kutengeneza karatasi za paa, silingbodi, mabomba ya maji na matenki. Kwenye karatasi za paa nyuzi ni kama asilimia 10 mpaka 15 hivi, iliyobaki ni saruji. Likiwa zima limetulia halina shida kubwa. Shida inaanza ukilivunja, ukilikata, ukilitoboa au ukilisugua, nyuzi zinaruka, huzioni kwa macho, hazina harufu, hazikuwashi, unavuta tu zinakaa kwenye mapafu na mwili hauwezi kuziyeyusha. Zinaleta asbestosisi, yaani mapafu yanajaa makovu na kukakamaa, zinaleta saratani ya mapafu, na mesotelioma ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Aina zote za asbesto zinaleta saratani, nyeupe, ya bluu na ya kahawia, asikudanganye mtu kwamba nyeupe ni salama. Na ukivuta sigara juu yake hatari ya saratani ya mapafu inapanda sana.

Kinachotuponza ni muda. Ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, 30, hata 40, ndo maana fundi mzee anakwambia mimi nimekata haya makaratasi na msumeno toka ujana wangu na niko fiti. Mheshimu mzee wako, mwamkie, ila usifuate hilo. Waliougua hawako saiti kukusimulia, wengi waliandikiwa kifua tu wakaishia hapo.

Kujua kama ni asbesto kwa kuangalia haiwezekani kwa uhakika. Karatasi mpya za saruji zisizo na asbesto zinafanana nazo kabisa, na zile zilizopigwa jua na mvua za masika miaka yote zimeota ukungu hata maandishi yamefutika. Uhakika ni maabara, kwa darubini maalum. Kama hujapima basi chukulia ni asbesto ufanye kazi hivyo hivyo. Na usiangalie paa tu, angalia silingi, ukuta wa ndani wa bodi za saruji, bomba la kushuka maji, vigae vya plastiki vya zamani vya sakafuni pamoja na gundi yake nyeusi, na nyuzi zilizofungwa kwenye mabomba ya moto na boila. Hiyo ya kwenye boila ndo mbaya kuliko zote maana ni laini inapeperuka kirahisi, ukiikuta simamisha kazi, sio ya kwako wala yangu, ni ya wataalamu wenye vifaa.

Na sio kila paa la asbesto lazima lishuke. Kama ni zima na hakuna ujenzi unaoligusa, liache, liandike kwenye ripoti, mwenye nyumba ajue lipo. Kinachoniuma ni hawa wanaotaka kulipaka rangi, wanampandisha kijana na brashi ya waya asugue ukungu au wanalipiga na maji ya presha, hapo umetengeneza vumbi lote ambalo lilikuwa limefungwa. Majirani wengi wananiuliza kuhusu maji ya mvua yanayotoka kwenye hilo paa, nawaambia hofu kubwa ni kuvuta hewa, sio kunywa.

Ikibidi lishuke sasa. Kwanza hizo karatasi hazibebi mtu, zinavunjika ghafla, na wengi wanaumia kwa kuanguka kabla hata ya kufikiria nyuzi, kwa hiyo fanyia kazi kwenye jukwaa, weka mbao za kukanyagia. Lowesha na maji yenye sabuni kidogo, ile pampu ya mgongoni ya kupulizia mimea inafaa sana, pole pole bila presha, na uendelee kulowesha maana jua la Dar linakausha haraka. Fungua skrubu na boliti, zilizokamatana na kutu kata boliti yenyewe, usivunje karatasi kuitoa. Greinda hapana, nyundo hapana, kutupa chini hapana, inashushwa kwa mikono. Anza alfajiri kabla joto halijapanda, kwa sababu mtu akiwa ndani ya ovaroli ya kutupa saa saba mchana atavua barakoa apumue na utakuwa umepoteza kila kitu. Kunywa maji ni nje ya eneo, baada ya kuvua na kunawa.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haisaidii chochote hapa. Inatakiwa FFP3, yaani barakoa ya kuchuja vumbi jembamba sana, au ya mpira yenye filta za kiwango hicho, P3, na ikae sawa usoni, mwenye ndevu haimkai, hilo uliongee mapema kwa heshima. Kufagia ni marufuku, futa na kitambaa kibichi. Nguo za kazi zisiende nyumbani, kuna wake za wafanyakazi huko Ulaya waliugua kwa kufua tu nguo za waume zao, na sisi hapa mtu anapanda daladala na vumbi lake anafika anambeba mtoto.

Uchafu unafungwa kwenye nailoni nene mara mbili, tepu kila mahali, na maandishi makubwa ya hatari. Hiyo ni taka hatarishi, iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ukusanyaji, usafirishaji na utupaji wake unataka kibali, kwa hiyo nendeni NEMC, baraza la mazingira la taifa, mapema kabla ya kubomoa na mpate maelekezo kwa maandishi mzigo unaenda wapi. Saiti nayo isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake, na deiwaka ni mtu wake pia.

Weka daftari. Jina kamili la kila aliyegusa hiyo kazi, tarehe, jengo gani, alivaa nini, na nakala abaki nayo yeye mwenyewe. Fidia ya ugonjwa wa kazini inataka ushahidi kwamba uliupata kazini, na kijana aliyelipwa mkononi bila jina popote, baada ya miaka 30 ataonesha nini.

Mwisho, siku hiyo hiyo atakuja mtu na kirikuu getini anataka karatasi nzima nzima akaezeke banda la kuku Mbagala au Chanika, na elfu zake mkononi. Usiuze, wala usimpe bure, mweleze ni kwa nini, na hakikisha mlinzi wa usiku ameelezwa hivyo hivyo.