Maswali ya Wasomaji: Msimamo na Maslahi Mbele ya Mataifa Makubwa

SWALI: Kila tunapojadili sera ya mambo ya nje, wenzangu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema kuwa taifa dogo halina budi kukemea uonevu hata pale mwonevu anapokuwa dola kubwa inayolikopesha, na wapo wanaosema kuwa huko ni kujitafutia matatizo, kwa sababu maadili hayajengi reli wala hayalipi mishahara. Je, ipo njia ya kati isiyokuwa unafiki?

JIBU: Ipo, ndugu msomaji, ila huwezi kuiona ukikubali kwanza kwamba maadili na maslahi ni vitu viwili vinavyopingana. Taifa lisilokuwa na jeshi kubwa wala soko kubwa lina kinga ambayo dola kubwa inaweza kuishi bila kuitegemea, nayo ni sheria ya kimataifa. Wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipoazimia mjini Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka waliyoirithi siku ya uhuru, hawakuwa wakiisifu kazi ya wakoloni, bali walikuwa wakijiepusha na vita visivyokwisha. Kwa nchi zetu, kupinga mipaka kubadilishwa kwa mabavu ni kujilinda.

Hoja hiyo ndiyo aliyoisimamia Balozi Martin Kimani wa Kenya katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mnamo Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya Urusi kuivamia Ukraine. Machi 2, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizounga mkono azimio la Baraza Kuu la kulaani uvamizi huo, huku nchi 35, zikiwemo Tanzania na Uganda, zikijizuia kupiga kura. Aprili 7, lilipoletwa pendekezo la kuisimamisha Urusi uanachama wa Baraza la Haki za Binadamu, Kenya nayo ilijizuia. Wapo waliouona huo kuwa ukigeugeu, lakini mimi naona kuwa kura ya kwanza ilihusu kanuni ambayo nchi ndogo haiwezi kuiacha, na ya pili ilihusu adhabu, ambayo watu wenye kanuni ileile wanaweza kutofautiana juu ya manufaa yake. Ninachokidai ni usawa wa kipimo: aliyelaani uvamizi wa Iraq mwaka 2003 hana sababu ya kuinyamazia Ukraine, na anayeililia Ukraine hana haki ya kuisahau Iraq.

Gharama nayo lazima isemwe waziwazi. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya namna ilivyoushughulikia utawala wa walowezi wa Ian Smith huko Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeandaliwa ukazuiwa. Kuvunja uhusiano huo lilikuwa azimio la Afrika nzima, lakini nchi nyingi wanachama hazikulitekeleza. Naiheshimu hatua ile hasa kwa kuwa Mwalimu Nyerere hakuwaficha wananchi kwamba msimamo una bei.

Hata matajiri hulipa. Kamati ya Nobel ya Norway ilipompa Liu Xiaobo, mkosoaji wa serikali ya China aliyekuwa kifungoni, tuzo ya amani mwaka 2010, China ilisitisha mahusiano ya kisiasa na nchi hiyo, ingawa si serikali iliyomchagua mshindi. Yalirejeshwa Desemba 2016, kwa tamko ambalo ndani yake Norway iliahidi kutounga mkono vitendo vinavyodhoofisha maslahi ya msingi ya China. Kwangu mimi ahadi hiyo ilivuka mpaka, kwa sababu kunyamaza leo ni jambo moja na kutia saini kwamba utanyamaza kesho ni jambo jingine.

Australia ilikuwa na nafasi nzuri zaidi. Ilipotaka uchunguzi huru kuhusu chanzo cha UVIKO-19 mwaka 2020, shayiri yake ilitozwa ushuru wa zaidi ya asilimia 80 nchini China, na baadaye mvinyo wake ukatozwa hadi zaidi ya asilimia 200. Shayiri ilipata wanunuzi kwingine, mvinyo uliumia sana, lakini madini ya chuma hayakuguswa, kwa kuwa viwanda vya China viliyahitaji. Serikali inayotaka uhuru wa kusema kweli ianze basi na biashara na madeni yake: isiwe na mnunuzi mmoja, wala mkopeshaji mmoja, wala muuzaji mmoja wa silaha.

SWALI: Mwananchi wa kawaida atajuaje kama serikali yake imenyamaza kwa hekima au kwa hofu?

JIBU: Aangalie kama ukimya huo unaambatana na kazi nyingine. Balozi anaweza kuipeleka faraghani hoja ambayo waziri hakuitamka hadharani, na mara nyingi wafungwa huachiliwa kwa njia hiyo. Aangalie pia kama Bunge linaruhusiwa kuuliza, na kama mikataba ya mikopo inaletwa mbele ya wawakilishi wake kabla ya kutiwa saini. Serikali inayomficha mwananchi masharti ya mkopo haiwezi kumwomba auamini ukimya wake mbele ya mkopeshaji huyohuyo.