Daraja linazunguka kweli, au mwanangu ananidanganya?

SWALI: Mwandishi habari za kazi, mimi ni mama wa hapa Chumbageni, Tanga. Kitinda mimba wangu yuko Newcastle kule Uingereza anasoma, juzi kanitumia picha za mto wa huko unaitwa Tyne, madaraja yamejipanga utadhani shanga, anasema yako saba na moja eti linazunguka meli ipite. Nimembishia mpaka simu ikaisha chaji. Ni kweli? Na kwa nini saba kwa mto mmoja, wakati sie Pangani kwenda Bweni tumezeeka na pantoni?

JIBU: Shikamoo mama. Mtoto kasema kweli, yako saba kati ya Newcastle na mji wa Gateshead ulioko ng'ambo, na hilo la kuzunguka lipo tangu 1876.

Ukitaka kuyaelewa madaraja yale usianze na barabara, anza na meli. Pantoni yetu ina jambo moja zuri ambalo watu hawalisemi, ikishavusha watu inaegesha na mto unabaki wazi, mashua zinapita zitakavyo. Daraja likishasimama limesimama. Sasa Newcastle ni mji wa makaa ya mawe na viwanda vya meli, ukifunga mto umefunga riziki ya watu. Daraja la kale la mawe lilibebwa na mafuriko Novemba 1771, wakajenga lingine mwaka 1781 lakini matao yake yalikuwa chini, meli kubwa zikawa haziwezi kupanda juu ya mto.

Huko juu ya mto ndiko kulikuwa na kiwanda cha William Armstrong, anatengeneza winchi na mizinga, na meli ya kuja kuchukua mzigo haifiki! Basi pale pale lilipokuwa daraja la mawe (na zamani hizo Warumi nao walijenga hapo hapo) likawekwa daraja la chuma linalokaa juu ya nguzo ya katikati na kugeuka kwa nguvu ya maji, yaani enzi hizo mashine za mvuke zilikuwa zinasukuma maji kwa presha na ile presha ndiyo ilikuwa inazungusha chuma chote kile mpaka linalala sambamba na mto, meli inapita pembeni huku na huku. Meli ya kwanza kupita ilikuwa ya Italia, imekuja kuchukua mzinga wa tani 100 kwa huyo huyo Armstrong.

Ila mimi kama ningeulizwa, ninalolipenda ni lile lililotangulia, High Level, la Robert Stephenson, alilifungua Malkia Victoria mwaka 1849. Mwanzoni treni za kutoka kusini zilikuwa zinaishia Gateshead, abiria washuke wajue wenyewe watavukaje, sawa na sisi kushuka kwenye basi kupanga foleni ya pantoni na mizigo kichwani. Stephenson akajenga juu kabisa meli zisiguse, halafu akalifanya ghorofa mbili, treni juu, magari ya farasi na waenda kwa miguu chini yake. Mpaka leo treni inapita juu, chini yanapita mabasi na teksi na watu.

Lile lenye tao kubwa la kijani, linaloitwa Tyne Bridge, hilo ni la 1928, alilifungua Mfalme George wa Tano, upana wa tao mita 162. Walilijenga nusu kutoka kila ukingo zikaja kukutana juu katikati, hakuna nguzo hata moja majini, kwa sababu ile ile mama, meli zipite. Kampuni iliyolijenga, Dorman Long, ndiyo ilijenga na lile la Sydney kule Australia lililofunguliwa 1932, ukiziweka picha pamoja utaona ni ndugu. Na shakwe wa baharini wanataga mayai kwenye vyuma vyake kila mwaka katikati ya mji na kelele zote zile.

La mwisho ni la 2001, la waenda kwa miguu na baiskeli, nalo lote linainuka kwa kulala upande, kama kope la jicho linavyofunguka.

Mwambie kijana siku moja apite High Level kwa miguu, kule ghorofa ya chini, asimame treni ikipita juu yake akurekodie ule mtikisiko, usikie.