Unayeanza na jeni ya prioni: tazama 129 kwanza

Wewe unayeingia maabara kusoma jeni ya PRNP, inayotengeneza protini ya prioni ambayo ikikunjika vibaya huua ubongo, usikimbilie kutangaza badiliko kabla hujajua nafasi ya 129 ya protini hiyo ina asidi amino gani, metionini au valini. Wageni wengi huiruka kwa sababu yenyewe si ugonjwa. Watu wenye afya nao wana moja au nyingine, au zote mbili, kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja kwa kila mzazi.

Chukua nafasi ya 178. Asidi ya aspatiki ikigeuka asparajini hapo, mtu yuko hatarini. Lakini kwa ugonjwa upi? Nakala hiyohiyo ya jeni ikiwa na metionini kwenye 129, kwa kawaida hutokea ule ugonjwa wa kurithi wa kukosa usingizi, unaoila zaidi thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo. Ikiwa na valini, mwelekeo ni Creutzfeldt-Jakob ya kurithi, ugonjwa mwingine wa prioni unaoharibu ubongo. Haya yalielezwa mwaka 1992. Wagonjwa wenyewe hawafuati mpaka huo kwa unyoofu: ndugu wa ukoo mmoja huweza kuja na dalili zisizofanana.

Maneno ya kushika hapo ni "nakala hiyohiyo". Ripoti inayosema tu kwamba mtu ana metionini na valini ni nusu ya jibu. Usomaji wa Sanger, njia ya kawaida ya kusoma DNA inayochanganya nakala zote mbili, utakupa vilele viwili kwenye 129 na viwili kwenye 178, bila kukuambia kipi kinakwenda na kipi. Kodoni hizo (herufi tatu-tatu za DNA zinazotaja asidi amino) zimeachana kwa besi 147 tu ndani ya eksoni moja, yaani kipande kimoja cha jeni, kwa hiyo tafuta usomaji wa molekuli moja ya DNA unaozivuka zote mbili, au omba sampuli za wazazi.

Usitarajie pia kuona tofauti kubwa ukifungua umbo la protini nzima kwenye kompyuta. Protini yenye metionini na yenye valini hujikunja karibu sawasawa: heliksi tatu, nyuzi mbili fupi za beta, na mkia wa mbele usiotulia. Tofauti hujitokeza protini inapokunjika vibaya na kuanza kupangana na wenzake, kama vigae ambavyo umbo lake huamua kipi kitaingia juu ya kipi. Ndiyo maana kuwa na metionini upande mmoja na valini upande wa pili mara nyingi hupunguza hatari. Wanawake wazee wa Fore, Papua New Guinea, walioponea kuru, ugonjwa wa prioni ulioenezwa kwa kula maiti za jamaa, baada ya kushiriki karamu nyingi za maziko, wengi wao walikuwa hivyo. Hukohuko likapatikana badiliko la 127, glisini kuwa valini. Panya waliopewa jeni hiyo katika nakala zote mbili hawakuugua kuru wala Creutzfeldt-Jakob, kwa majaribio yaliyochapishwa 2015. Kwangu hilo linasisimua kuliko orodha yote ya mabadiliko mabaya.

Ukisoma makala kuhusu jeni hii kwa kondoo, namba 136, 154 na 171 ni zao. Usizihamishie kwa binadamu.

Na mgonjwa akitoka na jeni isiyo na badiliko, usiandike kwamba hana ugonjwa wa prioni. Takriban asilimia 85 ya Creutzfeldt-Jakob hutokea bila badiliko lolote la kurithi.