Mtoto kazaliwa njiani halii, dereva nifanye nini?

SWALI: Sista shikamoo. Mimi ni dereva wa ambulensi kituo cha afya huku wilayani, rufaa nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na nesi. Mama akijifungulia njiani mtoto akagoma kulia, mimi nasaidia nini? Tumeambiwa inakuja semina ya siku mbili, itatosha kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza gari lisimame. Najua umezoea kukanyaga mafuta muwahi hospitali, ila kichwa kikishaonekana hakuna cha kuwahi tena, nesi hawezi kumdaka mtoto anayeteleza huku gari linaruka matuta. Paki pembeni, washa hazadi na taa ya ndani, funga madirisha, zima kiyoyozi, maana mtoto aliyelowa anapoa haraka hata jua likiwa kali.

Nesi anamfuta palepale tumboni kwa mama, kitenge kilicholowa unakitoa unampa kikavu, na kule kumsugua mgongo ndo kunamwamsha, wengi wanalia hapo. Asipolia, dakika ile ya kwanza ndo kila kitu: mdomo unasafishwa kama kuna uchafu umeziba, kitovu kinabanwa kinakatwa, anapewa hewa kwa ambu (ule mfuko wa kuminya kwa mkono unaopuliza hewa mapafuni) yenye maski ya kichanga, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Angalia kifua. Kisipopanda ujue maski inavuja au shingo imekaa vibaya, rekebisha kwanza, usikazane kuminya tu. Msimning'inize miguu juu mkampiga makofi (hizo ni za kwenye muvi), na kama oksijeni haipo karibu hewa ya kawaida inatosha kuanzia.

Sasa nesi ana mikono miwili tu na mama naye anaweza kumwaga damu. Nesi inabidi apapase tumbo kuhakikisha hakuna pacha, amchome mama oksitosini (dawa ya kuzuia damu) yuniti 10 pajani, na hiyo dawa inatakiwa ikae kwenye baridi nyuzi 2 hadi 8 kwa hiyo bila kulboksi mnabeba maji tu. Kama haipo ni misoprostoli, vidonge 3 vya mikrogramu 200. Ndo maana mimi nasema dereva naye afundishwe ambu na apimwe, asiishie kushika tochi na kupiga simu hospitali.

Semina peke yake haitoshi. Pale hospitali ya Haydom, Manyara, walifundisha siku moja kumsaidia mtoto asiyepumua, watu wakafaulu kwenye doli la mazoezi ila leba mambo hayakubadilika, mpaka walipoanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki palepale kazini ndo vifo vya vichanga ndani ya masaa 24 vikapungua. Kwa hiyo mwambieni mganga mfawidhi aombe lile doli la kujaza maji libaki kituoni, na mazoezi mfanyie ndani ya gari lenyewe, usiku, mlango umefungwa, mjue kabisa ambu inakaa upande gani.