Redio au wadau kwanza?

Dada, umeuliza kikundi chenu cha kutetea ardhi ya wajane kianzie redioni au kwa wadau. Wadau kwanza, jamani. Mkipaza sauti hewani halafu mama akaja na shida yake, mtampeleka kwa nani? Tafuteni msaidizi wa kisheria wa wilayani, mtendaji wa kijiji, na shehe na mchungaji wanaosikilizwa.

Kisha igeni TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania. Wanachama wao wametawanyika kwenye vyumba vya habari tofauti, basi suala moja hutoka magazetini, redioni na kwenye runinga kwa mpigo. Mheshimiwa akilikwepa asubuhi, jioni anakutana nalo kwenye taarifa ya habari. Mtindo huo, wakishirikiana na wanasheria wanawake, ulisaidia kusukuma sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Na muwe na kifungu mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Kwenu wako wangapi? Mpeni mtangazaji swali hilo. Mkimwambia tu "tunaomba usawa" hana habari ya kuandika.